Machela Iliyokaa Ndani ya Nailoni

Ufunguo wa stoo ya maafa ya mtaa wetu ulikaa shingoni mwangu miaka mitatu, nimeufunga kwa uzi mweusi, na sikuuvua hata nikienda kuoga. Watu walinicheka. Mamangu, ambaye ulimi wake haukupata kuzeeka, alikuwa akiniambia ati nimevaa hirizi ya serikali. Nami nilimjibu kwamba mtu aliyeshika stoo ya shule ya bweni miaka ishirini na mitatu hafunzwi namna ya kuweka ufunguo. Nilikuwa hivyo. Bado niko hivyo, ila sasa nimepungua kidogo.

Mtaa wetu uko nje ya mji wa Malindi, upande wa kwendea Sabaki, katika bonde ambalo zamani lilikuwa mashamba ya mihogo. Waliotuuzia viwanja hawakutwambia kwa nini wenyewe hawakupata kujenga hapo hata kibanda, nasi hatukuuliza. Wengine tulitoka mji wa kale, wengine walitoka bara ya Ugiriamani, na wengine walifanya kazi za chumvi Gongoni wakajichanga mpaka wakapata kiwanja. Tukajenga nyumba za matofali, msikiti mdogo, kanisa la mabati na duka moja la pembeni. Shule ya msingi tu ndiyo iliyobahatika kukaa juu, kwenye mwinuko kando ya barabara ya lami.

Kila masika maji yalitutembelea, yakafika kwenye vifundo vya miguu, tukaruka mawe kwa mawe tukicheka. Mwaka mmoja yakafika magotini na kuta za nyumba mbili zikaanguka. Hapo ndipo tulipoacha kucheka, tukaunda kamati ya maafa. Mwenyekiti akawa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, fundi wa kuchomelea vyuma, Mgiriama, Mkristo, mtu mpole ambaye husema neno moja pale mimi ninaposema kumi. Milango yote ya chuma ya mtaa ule ni kazi ya mikono yake. Mimi nikapewa stoo.

Ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya madrasa, na mlangoni tuliandikisha kwa rangi nyekundu: Tahadhari kabla ya hatari. Vitu vikaja kutoka kwa wafadhili: maturubai, kamba, mitungi ya maji, dawa ya kutibu maji, tochi, firimbi, na juu ya vyote machela moja ya rangi ya chungwa, imekunjwa vizuri ndani ya nailoni nzito. Nilipoiona ile machela nilihisi kama mtu aliyeletewa bibi harusi. Nikaiweka rafu ya juu kabisa.

Sasa hebu niseme ukweli juu yetu. Sisi watu wa hapa tuna ugonjwa wa nailoni. Ingia nyumba zetu, utakuta makochi yangali katika nailoni yaliyotoka nayo dukani, ukikaa yanalia. Kabatini mna vikombe vya wageni ambao hawaji, na wenyeji tunakunywa chai kwa vikombe vilivyokatika mikono. Kitu kizuri hakitumiwi. Kitu kizuri hungojeshwa. Mimi mwenyewe nina meza ya kioo ambayo sijapata kulia chakula juu yake.

Kwa hiyo alipokuja mwalimu wa kutufunza mambo ya maafa, mwanamke mchangamfu kutoka Mombasa, akaomba machela ili tufanye mazoezi ya kubeba mgonjwa uwanjani, nilikataa. Nilimwambia kile ni kitu cha siku ya maafa, si cha kuchezea mchangani. Akanitazama, akacheka, akadhani natania. Alipoona sitanii akatufunza kwa shuka na fito mbili. Watu wanne, wawili mbele, wawili nyuma, mmoja anahesabu, wote wanainua. Mwenyekiti alinijia faraghani mara tatu kwa siku tofauti, kila mara akiniuliza kwa upole kama si vizuri tuifungue tu ile machela, tuitazame, kisha tuirudishe. Mara zote tatu nilimjibu kwamba ikishafunguliwa haitakunjika tena vile. Mara ya tatu nilimjibu kwa ukali.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu mtu aliyekuja kuihitaji ile machela alikuwa mamangu.

Alianguka bafuni wiki tatu kabla ya mafuriko, akavunjika nyonga. Wakampasua, wakamtia chuma. Daktari akanionya mara mbili: bibi alale kitandani amenyooka, asikunjwe, asibebwe mgongoni wala kwenye kiti, chuma kikihama hatasimama tena, na kwa umri wake asiposimama, alisema, basi. Hakumalizia. Mamangu alikuwa mtu mzima mnene, mwenye haya na mwenye kujijua, na kulala pale kutwa akitazama dari kulimwudhi kuliko maumivu.

Mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika na mto Sabaki ukafura. Siku ya tano, baada ya alfajiri, nilishusha miguu kutoka kitandani nikakanyaga maji. Yalikuwa ya baridi na ya rangi ya chai ya maziwa, na viatu vyangu vilikuwa vinaelea vikigonga mlango kana kwamba vinataka kutoka. Kufikia saa tatu yalikuwa yamepita magoti ndani ya nyumba, na nje kwenye kichochoro yalifika kiunoni. Kitanda cha mama tulikwisha kukiinua juu ya matofali, na bado maji yalikuwa yakilamba mbao za chini.

Nikapiga simu. Nikaambiwa gari la wagonjwa litafika shuleni, kwa sababu barabara ya lami bado ilikuwa wazi, lakini kushuka bondeni haliwezi. Tumfikishe mama shuleni sisi wenyewe. Ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu mikavu.

Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, siku yenyewe imefika, nina machela. Wallahi nilisema kwa fahari. Nikavuka maji mpaka stoo, mwenyekiti na wanaume wengine wanne wakinifuata, nikavua ufunguo shingoni kwa mara ya kwanza. Nikaishusha machela, nikachana ile nailoni kwa meno.

Panya alikuwa amezalia ndani.

Alitoboa nailoni kwa nyuma, upande wa ukutani, mahali ambapo mtu angepaona iwapo angeinua kitu chenyewe walau mara moja katika miaka mitatu. Kitambaa kilikuwa kimetafunwa katikati, kimebaki nyuzi nyuzi, na ndani mlikuwa na vitoto vitano vyekundu visivyofungua macho. Vyuma vya pembeni vilikuwa vizima, vinang'aa. Nilisimama na kile kitu mikononi, maji yamenifika kiunoni. Mwenyekiti angeweza kunikumbusha zile mara tatu. Hakunikumbusha. Akavichukua vile vyuma viwili tu, akasema twende tujaribu na blanketi.

Tulijaribu. Tulifunga blanketi kama tulivyofunzwa, tukamlaza mama, mmoja akahesabu, wakainua. Blanketi likazama katikati na nyonga ikakunjika, na mamangu akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kinywani mwake maisha yangu yote, hata aliposhushiwa babangu kaburini. Wakamrudisha kitandani haraka. Akauma khanga yake, machozi yakimtoka pembeni bila yeye kuyafuta.

Sasa ilitakiwa kitu kigumu, bapa, chepesi, kirefu kama mtu. Mmoja akasema tung'oe mlango. Milango yetu yote ni ya chuma, imechomelewa kwenye fremu na mwenyekiti mwenyewe, na alitikisa kichwa kabla ya kuulizwa. Mwingine akatazama meza yangu ya kioo, kisha akatazama kando. Kitanda cha mama kilikuwa cha mvule na kiliingizwa chumbani vipande vipande. Maji yalikuwa yamelowesha godoro upande mmoja. Nilijua kwamba kama mamangu atafia katika chumba kile, amekufa kwa ajili ya ukaidi wangu na kipande cha nailoni.

Hapo mwenyekiti akakohoa kidogo, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi:

"Dada, na kile kitanda cha msikitini?"

Sisi Waislamu tuliokuwamo chumbani tulielewa mara moja, na hakuna aliyemwangalia. Kitanda cha msikitini ni jeneza. Kwetu maiti hazikwi na sanduku. Huchukuliwa juu ya jeneza la mbao lenye mikono minne mirefu, kisha jeneza hurudi msikitini kungoja mwingine. Lilikuwa linakaa ubavuni mwa msikiti chini ya kipaa, sote tukipita tukijifanya hatulioni. Wazo lile lilikuwa vichwani mwetu sote, nina hakika, ila hakuna ambaye angethubutu kulitoa. Alihitajika mtu ambaye si wa msikiti ule.

Nilimgeukia kwa hasira zote nilizokuwa nazo, hasira zilizonistahili mimi mwenyewe. Nilimwambia mamangu hapandi jeneza akiwa hai, Mungu apishie mbali, kwani anamtakia nini. Nilisema mengi na mengine nimeyaomba radhi tangu wakati huo. Yeye alisimama tu majini akingoja nimalize.

Aliyenikata kauli ni mama, kutoka kitandani.

"Lileteni," alisema. "Siku yangu ikifika nitapanda na sitajua nani kanibeba. Leo acheni nipande nione."

Wakaenda. Mwalimu wa madrasa, ambaye ndiye imamu wetu, alikuwa juu ya dari ya msikiti na misahafu aliyoiokoa. Walimweleza, naye hakufikiri hata kidogo. Alisema jeneza ni wakfu wa kuwasitiri watu, na aliye hai ana haki ya kusitiriwa kabla ya aliyekufa, wachukue na waharakishe. Wakalileta likielea nyuma yao.

Tukamlaza mama juu ya mbao zile. Alinyooka sawasawa, nyonga ikatulia, na nikaona uso wake ukifunguka kwa nafuu. Mvua ilikuwa bado inanyesha, kwa hiyo tulimfunika kwa turubai la buluu la kamati, kitu pekee cha stoo yangu kilichofanya kazi siku ile. Nilipotaka kuvuta turubai juu ya kichwa chake, akanishika mkono.

"Uso wangu uacheni wazi."

Wanaume watano wakaliinua mabegani, nami nikashika ubao wa pembeni, tukatoka. Nilipiga hesabu yangu ya stoo: watu watano, maji ya kiuno, tope chini, mtu mnene, dakika ishirini ambazo zitakuwa saa nzima. Nilijua hawatafika. Nilijua watachoka kabla ya dukani.

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja, au tuseme sikupata kukijua, kwa kuwa mimi ni mwanamke. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Jeneza likitoka nyumbani, sisi hubaki ndani, na kinachotokea njiani ni habari za wanaume. Nilikuwa nimesikia tu kwamba jeneza likipita mtu hakai. Kwamba kutia bega ni thawabu, hata kwa hatua chache. Kusikia si kuona.

Tulipotokeza kwenye njia kubwa, watu walikuwa kila mahali, wengine juu ya mapaa, wengine kwenye vibaraza, kila mtu akihangaika na magodoro yake na mbuzi wake. Wakaliona jeneza. Naapa, hakuna aliyeuliza. Mtu aliacha friji lake likielea akaja. Mwingine aliruka kutoka kwenye ukuta. Wakaja wakipiga maji kwa mapaja, mmoja akiingiza bega chini ya mkono wa mbele, yule wa mbele akiteleza kurudi kando, wa kando akirudi nyuma, na nyuma wengine wakipokea. Hakuna aliyehesabu moja mbili tatu. Hakuna aliyeamrisha. Jeneza halikusimama hata mara moja, wala halikuinama. Lilikwenda juu ya vichwa vyao kama sinia ya pilau inayopitishwa arusini, mkono kwa mkono, na aliyebeba alibeba pumzi tano tu, akapokewa. Walikuwa ishirini, kisha arubaini, kisha sikuweza kuwajua idadi. Nilikimbia pembeni nikimeza maji, nimeshika ubao. Sijapata kustaajabu vile. Tulikaa miaka mitatu tukifunzwa kubeba watu, kumbe watu hawa wamejua kubeba tangu babu zao, na chombo chenyewe kilikuwa nje pale, hakina ufunguo wala nailoni.

Na hawakuwa wa msikitini peke yao. Mwenyekiti hakuondoka hata alipopokewa. Alizunguka akarudi mbele, akazunguka tena. Niliwaona wazee wa kanisa. Nilimwona mgema wa tembo, ambaye nilikuwa simwitikii salamu zake, ameinua mkono wa jeneza juu ya kichwa kwa sababu alikuwa mfupi na bega lake halikufika. Waliojua kutoa shahada kwa sauti, kama ilivyo ada, walianza, na ambao hawakuijua wakanyamaza kwa adabu, na mwendo ukawa mmoja.

Bila shaka wote walidhani amekufa.

Mbele ya duka la pembeni alikuwa amesimama mwenye duka, mzee mwenye kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono, juu ya meza yake, maji chini yake. Jeneza lilipomfikia, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ya huzuni, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun." Na kutoka juu, chini ya turubai la buluu, mamangu akamjibu waziwazi:

"Bado, mwanangu. Nakwenda shule."

Mzee alikaa kitako juu ya mizani yake. Wale waliobeba wakaanza kucheka, kwanza wawili, kisha wote, kicheko kikapita nyuma mpaka kwa wa mwisho ambaye hakujua kinachochekwa, na jeneza likaruka ruka mabegani. Mama akawaambia watulie, wana adabu gani kumcheka maiti. Wakazidi. Nami nilikuwa nalia na kucheka, maji ya mvua yakinisaidia kuficha.

Tulifika shuleni bila jeneza kugusa maji njia nzima. Wakati tukingoja gari, mama amelala pale kwenye varanda, watu walipita mmoja mmoja kumpa mkono, naye akiwauliza wewe mtoto wa nani. Walipokwisha aliniita karibu. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyerudi Makka.

"Umewaona?" akaniuliza. "Umeona walivyokuja?"

Nikamwambia nimewaona. Akafumba macho. Akasema alikuwa ameiogopa siku ya kupanda jeneza tangu utotoni, si kufa, bali kule kubebwa peke yake na watu asiowaona, na sasa khofu imemtoka.

Chuma hakikuhama. Baada ya miezi mitatu alitembea kwa mkongojo. Maji yaliposhuka, wanaume waliliosha jeneza kwa sabuni, wakalirudisha mahali pake. Mimi nilifungua stoo, nikatoa kila kitu juani, nikachana nailoni zote mbele ya kamati, na kisha nikaenda kwa mwenyekiti kumwomba radhi. Alinisikiliza. Siku chache baadaye akaja na machela aliyoichomelea mwenyewe, ya bomba nyepesi na mbao bapa, na badala ya mikono mifupi ya watu wanne, aliitia mikono minne mirefu, ili wengi wapate kupokezana. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunaitoa, tunambeba mtu, tunaichafua. Ufunguo unakaa kwenye msumari dukani, kila mtu akiuona. Juzi nilikunywa chai kwa kikombe cha wageni, na mgema akanywa kwa kingine.

Mama aliishi miaka miwili zaidi. Alifariki kitandani kwake, asubuhi ya jua, hakuna mvua.

Walipokuja kumchukua, tulibaki ndani sisi wanawake kama ilivyo ada. Nilisimama nyuma ya mlango wa chuma, nimeshika fito zake. Nilisikia wakiinua, nikasikia miguu ikija mbio kutoka kila upande, na kupitia uwazi wa mlango nilimwona mwenyekiti anavua kofia na kuingiza bega. Mwanamke mmoja kando yangu akanong'ona kwamba uchungu wetu sisi ni kutoiona ile safari. Nikamwambia mimi nimekwisha kuiona, nilimsindikiza mamangu kwa miguu yangu.

Sauti zao zilikwenda zikipungua. Walipofika dukani nilimsikia yule mzee, sauti yake ile ile, akisema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun." Nikazuia pumzi, nikajikuta nangoja jibu.